Mia Nne na Kumi na Mbili

Papa Monga Sébastien, karani wa reli miaka thelathini na moja,
alinipa orodha kwenye flashi iliyofungwa kwa uzi wa kiatu.
"Wako mia nne na kumi na mbili," alisema.
"Nimewahesabu mwenyewe, kwa kidole."

Saa tano usiku, Katuba, umeme umerudi.
Umeme wetu hauulizwi umetoka wapi wala utakaa hadi lini:
unaupa kiti kama mgeni, unaanza kazi.
Mama alikuwa ameshaloweka sufuria ya bukari.
Nilitaka kitu kidogo tu, skripti ya mistari sita:
isome faili, na kwa kila jina ipeleke ujumbe,
Njoo Ijumaa na kitambulisho, malimbikizo yamefika.

Mara ya kwanza nilisoma kwa pupa.
Niliacha ikate popote palipo na nafasi,
na Kalenga Mwamba Désiré, dereva wa garimoshi,
akatoka watu watatu: Kalenga. Mwamba. Désiré.
Wote watatu wanadai pensheni ya mgongo mmoja.
Nilicheka peke yangu, nikafuta.

Basi nikasema: mstari, si neno.
Wakati kuna mstari, usome; fanya; rudi.
Wakaja mmoja mmoja, kila mtu na jina lake zima,
na mlazo uliokatiza namba zao za zamani
nikaikataza mashine kuumeza.
Lakini kuna walionyooka kupita kiasi.
Papa Monga, akiandika mjane,
humwingiza ndani kwa nafasi nne, chini ya jina la marehemu,
kama mke aliyeketi nyuma kidogo kwenye picha ya studio.
Nafasi nne: ndivyo anavyoandika msiba.
Mashine ilidhani ni vumbi, ikapangusa.
Wajane wote wakasogea ukingoni,
wakawa wapiga misumari ya reli, wakawa mafundi wa breki.
Nikaiambia: usiguse palipo patupu,
pameandikwa.

Nikaiambia ihesabu. Mia nne na kumi na moja.
Ujumbe uliokwenda: mia nne na kumi na moja.
Hesabu mbili zikapeana mkono, mimi nikalala.
Mzee nilimsamehe moyoni. Macho.

Ijumaa, upepo ulitoka upande wa mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
na mbele ya ofisi, karibu na stesheni,
walikuwa wamesimama tangu alfajiri, makoti ya zamani, vifungo vya reli.
Mama Ngoie Kabulo alikaa pembeni, juu ya tofali.
Kitambulisho cha mumewe kilikuwa ndani ya mfuko wa sukari, pamoja na simu.
"Mimi sikuitwa," aliniambia.
"Nimekuja kuangalia walioitwa."

Nilifungua faili palepale, nikateremka mpaka chini.
Yupo. Mstari wa mwisho, nafasi nne ndani.
Na baada ya o ya Kabulo, hakuna kitu:
Papa Monga aliinua kidole, akahifadhi, akaenda kula.
Hakubonyeza kitufe cha kushuka mstari.
Na ile amri ya kuhesabu huhesabu miisho.
Sikujua. Nilidhani inahesabu watu.

Hili ndilo linaloniuma:
mashine ilimsoma. Ilimshika mkononi, jina zima,
ikatazama mbele, haikuona kikomo,
ikajijibu, hakuna tena,
ikatoka kwenye mzunguko
jina lake likiwa bado mkononi.

Dawa ni fupi kuliko aibu yangu.
Endelea wakati kuna mstari,
au kama mkononi kumebaki kitu.
Niliandika nimesimama, kompyuta juu ya kiti cha pikipiki ya mtu,
nikaipa mstari mmoja tu, ule.

Simu ililia ndani ya mfuko wa sukari.
Mama Ngoie hakuisoma.
Alisimama, akakung'uta vumbi la tofali kwenye kitenge,
akaniuliza mstari unaishia wapi.